Jambo la Tatu

Matsue, 6 Septemba

Mwanangu Misuzu,

U mzima? Mumeo hajambo? Mimi sijambo, goti tu ndilo linanung'unika. Supu ya shijimi, wale kome wadogo wa ziwani, nakunywa kila asubuhi kama alivyoagiza marehemu mama yako, kwa hiyo usianze.

Jana nilitoa toleo la majaribio la Mejiro. Miaka thelathini na moja tangu niitunge lugha hii ya kompyuta kwenye meza ya jikoni, na mpaka leo kompyuta zinanisikiliza kuliko wewe! Watu mia mbili wa kujitolea wameshaichukua, waijaribu, waivunje wanavyoweza, ndipo toleo kamili litoke tarehe ishirini Desemba.

Mambo mapya ni matatu. La kwanza, programu zinaanza haraka. La pili, ukikosea, lugha inakuonyesha ulipokosea kwa maneno ya kiungwana. La tatu ndilo kipenzi changu: programu ikienda kuchukua kitu ikakuta hakipo, haianguki tena. Inapita taratibu na kuendelea na safari. Lilinijia nikiwa bafuni, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Baba yako

Sapporo, 19 Septemba

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana.

Baba, jambo la tatu si jipya. Limo ndani ya Mejiro tangu mwaka niliomaliza sekondari. Ulilitangaza wewe mwenyewe, na hata habari ya bafuni ulinisimulia wakati ule.

Watu mia mbili wameliona, hakuna aliyefungua mdomo. Wote wamekuandikia, "Pole kwa kazi, mwalimu." Ndiyo heshima yetu hiyo, kumwacha mtu atembee na shati kinyume mpaka afike kwake! Hoshina, msaidizi wako wa miaka kumi, alinipigia simu analia. Anasema tangu masika anarekebisha makosa yako kimyakimya.

Nenda kwa daktari, nakuomba. Na ile sentensi ya siri unayotilia muhuri kila toleo, mpe Hoshina. Unajua kuliko mimi: bila muhuri huo kompyuta za watu zitalikataa toleo kama noti bandia, na hata muhuri mpya lazima uthibitishwe na wa zamani. Sentensi ikipotea, Mejiro imekufa mikononi mwako. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Binti yako

Matsue, 2 Oktoba

Misuzu,

Sijambo. Tena sijambo kabisa.

Hoshina ana kiherehere. Mtu akirudia neno moja ndiyo amekuwa mgonjwa? Sentensi hiyo sijaiandika popote. Iko kichwani, na kichwa ni changu. Nikiitoa nitabaki nani? Mzee wa kulisha bata ziwani?

Usiniandikie mpaka adabu ikurudie.

Baba yako

Sapporo, 17 Novemba

Shikamoo Baba,

Natumai umelala vizuri tangu nilipoondoka Jumapili. Adabu haijarudi, lakini naandika.

Ulinipokea kwa furaha, ukanipikia, ukanieleza habari ya jambo la tatu. Ukanieleza tena kabla chai haijapoa. Nikaenda kuosha vyombo, nikafungulia maji kwa nguvu ili usinisikie ninavyolia.

Sitaki uache kazi. Nataka uikabidhi mwenyewe, kwa mkono wako, watu wainame wakushukuru. Baba, maji yamefika shingoni. Nipe mimi basi, kama Hoshina humtaki.

Binti yako

Matsue, 28 Novemba

Mwanangu,

Ulisema kweli. Nisamehe.

Jana nilikaa kutia muhuri, kwa kujaribu tu. Sentensi haikuja. Nimejaribu mara tisa. Vidole vilikuwa vinaijua vyenyewe, sasa vimekaa tu juu ya vitufe. Najua ni jambo la hapa nyumbani, la zamani, mama yako alikuwa hai. Zaidi ya hapo pamekuwa peupe.

Naogopa, Misuzu.

Baba yako

Sapporo, 3 Desemba

Shikamoo Baba yangu,

Usiogope peke yako. Mimi na Hoshina tumejaribu yote niliyokumbuka: mti wa kaki, baiskeli nyekundu, wimbo wa Mama. Hakuna lililokubali.

Nakuja tarehe kumi na nane, nitakaa nawe. Ikikujia kabla ya hapo, hata ukiwa chooni, iandike, itie kwenye bahasha nilizokuachia zenye anwani yangu na jina langu la ndoa, uipeleke posta. Usingoje.

Binti yako

Matsue, 14 Desemba

Kwa Bi. Onodera wa Sapporo,

Natumai u mzima, na baridi ya huko haikusumbui. Uniwie radhi kukuandikia ilhali hatujawahi kuonana. Nimekuta barua zako kwenye droo, na bahasha zenye anwani yako. Unaifahamu kazi yangu vizuri sana. Kila mwisho umejiita "binti yako". Nimeipokea heshima hiyo kwa moyo mkunjufu.

Leo imepiga ile radi ya kuleta theluji. Nikajikuta nimefunika tumbo kwa mkono, na sentensi ikaja yenyewe. Nakukabidhi wewe, maana naona utaitunza:

misuzu ficha kitovu radi haina adabu

Herufi zote ndogo, bila mkato. Nimeijaribu. Imefungua.

Misuzu ni mwanangu, ana miaka mitano. Si unajua tunavyowatisha watoto kwamba radi inaiba vitovu? Basi yeye kila ikinguruma huja mbio, anajificha kwangu mpaka iishe. Leo imenguruma mara tatu na hajaja. Mama yake pia simwoni. Huenda wako kwa jirani.

Ukikutana naye njiani, tafadhali mwambie baba yake hajakasirika. Aje tu. Mlango nimeuacha wazi.

Wako mtiifu,
Kuwabara