Keki ya Profesa na Galaksi za Bi Swali

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba uharakishe, maana Ijumaa si mbali na keki imeshaagizwa. Mimi ni mtafiti wa galaksi, na tafadhali usiniulize nyota yako inasemaje, hilo mama mkwe huniuliza kila akija na hajanisamehe kwa kutojua. Kazi yetu ni kupima ulimwengu unapanuka kwa kasi gani, na tuna desturi aliyotuwekea Profesa wetu mwenyewe: kompyuta hutuficha jibu mpaka wote tukubali kwamba vipimo vimekamilika, ndipo hufunguliwa mbele ya watu, liwe zuri liwe baya, ili mtu asije akapindisha vipimo kufuata moyo wake. Ufunguo wa jibu nilipewa mimi kwa kuwa ndiye mwaminifu kuliko wote, na mimi kwa uaminifu wangu nikafunga mlango wa ofisi nikachungulia, kidogo tu mshauri, nikakuta jibu haliko hata karibu na lile lililompa Profesa jina, na huyu ndiye aliyenisomesha, akanitafutia kazi, akasimama kama baba siku ya harusi yangu, na Ijumaa tunamuaga kwa kustaafu, jibu litafunguliwa hapohapo ukumbini, na juu ya keki tumeagiza iandikwe namba yake ya zamani kwa sukari ya bluu. Tangu hapo sijui imekuwaje, nikitazama picha za darubini naona galaksi hii ina vumbi, ile imekaa vibaya, naitoa, na kila nikitoa jibu linasogea kuelekea kwenye keki, naapa sikukusudia. Shida ni kwamba nyingi nilizotoa ni za mwanafunzi wangu, binti tunayemwita Bi Swali, ndizo shahada yake yote, na juzi alinijia mezani akauliza, "Dada, galaksi zangu zina kosa gani?" nikamwambia vipimo vyake bado vichanga, akaitikia, "Sawa, Dada," na sasa nasikia anataka kuacha masomo kwa kuwa ameamini hawezi. Mume wangu anasema ninyamaze, nani atakwenda huko juu kuhakikisha? Je, ninyamaze mzee aondoke na heshima yake, kisha binti nimtulize baadaye?

Mwenye Ufunguo

Mwenye Ufunguo, pole kwa mzigo, ingawa umejitwika mwenyewe. Mimi galaksi sizijui. Wachunguliaji nawajua, ndio wanaoniandikia kila wiki, na wote walichungulia kidogo tu.

Kumbe vumbi liliingia kwenye galaksi baada ya wewe kuchungulia! Vumbi lenye adabu hilo, linajua kuchagua za mwanafunzi na linajua mpaka namba iliyo kwenye keki. Mwambie mumeo asante kwa ushauri, aendelee na kazi zake.

Unasema unamlinda mzee. Nani amekutuma? Yeye ndiye aliyeweka desturi ya kuficha jibu, na aliiweka kwa sababu alijua wanaompenda ndio watakaomdanganya. Hakukosea. Unataka kumuaga kwa kuvunja kitu alichokujengea, halafu umkatie kipande. Najua unampenda, na najua inauma kumpelekea mzee habari ya kwamba huenda alikosea. Lakini atakayeumia kweli ni yule ambaye hana jina wala keki.

Sasa sikiliza. Rudisha galaksi zote ulizotoa, na zile mbaya pia. Mpe ufunguo mwenzako ambaye hajachungulia. Nenda kwa Profesa, funga mlango, maana kufunga mlango unajua, umwambie ulichofanya bila kuanza na harusi yako. Ijumaa mwageni kwa hotuba, jibu lisubiri mpaka wengine wakague upya. Ulimwengu umepanuka muda wote huo bila kuwasubiri ninyi, hautasimama kwa ajili ya sherehe. Kwa mwokaji piga simu leo: aandike "Asante", inatosha na haihitaji kupimwa.

Ila hayo yote ni ya baadaye. Kwanza inuka hapo, nenda kwenye meza ya Bi Swali, usimwite kwako. Alikuuliza galaksi zake zina kosa gani. Mwambie hazina.