Namba za Mgongoni

Rennes, Jumatatu

Dada Maryvonne,

Siagi ya chumvi uliyotuma imefika, na nusu nimeshaimaliza. Kile kitabu changu cha mbio za baiskeli kimechapishwa tena. Waambie majirani.

Jana redioni nilitangaza goli la Kerdoncuff. Kumbe Kerdoncuff alitolewa tangu mapumziko, yuko benchi kajifunika blanketi. Fundi mitambo wetu, Yannick, alinizimia kipaza sauti akaniuliza, "Mzee, umelewa?" Nikamjibu ndiyo. Afadhali ulevi, Dada. Mlevi husamehewa.

Ukweli ni kwamba huu ni msimu wa pili sizioni namba za mgongoni. Huwa nawatambua wachezaji kwa jinsi wanavyokimbia, na aliyeingia jana anakimbia kama Kerdoncuff. Daktari anasema ni ugonjwa uleule wa Baba, na hauna dawa. Nina miaka arobaini na sita na kazi nyingine siijui. Nifanye nini?

Nilitaka Baba asijue, maana tangu apofuke, mimi ndiye macho yake kila Jumapili. Leo asubuhi alinipigia simu. Goli hakulitaja. Alisema, "Mwanangu, mwaka mzima sasa unatusimulia kelele za mashabiki, mpira huusimulii. Nami nilianza hivyohivyo. Mama yako akiniuliza nani anakuja, nilikuwa namjibu kwa kusikiliza viatu."

Kisha nikamsikia analia.

Njoo, Dada. Njoo kabla sijashindwa kuiona sura yako.

Mdogo wako,
Gaël