Casilda, Makofi Yalikuwa Upande wa Jikoni

Mwaka umekatika, Casilda, tangu asubuhi ile ulipoinama mlangoni kufunga kamba za viatu vyako vya kazini na hukuinuka tena. Sisi uliotuacha, mumeo Eutimio, binti yetu Nieves na dada yako Obdulia, tunakukumbuka leo kwenye ukurasa huu wa matangazo ya vifo wa gazeti la Zamora, ambao wewe ulikuwa unausoma kabla ya kurasa nyingine zote, kikombe cha kahawa mkononi, ukisema, "Ngoja kwanza nione kama mimi simo."

Nieves ameniomba niandike kwa upole, kwa jina la familia, maneno machache. Nimejaribu mara nne. Kila nikikaa nainuka. Yule dada wa gazetini aliniambia kwenye simu, "Mzee, kumbukumbu huwa ni mistari kumi." Nikamwambia mistari kumi ni ya wale waliomaliza kuzungumza na wake zao. Mimi nina jambo sijalimaliza.

Kwanza yale ambayo kila mtu anayajua. Miaka thelathini na mmoja ulikuwa msaidizi wa wauguzi, wodi ya wagonjwa wa mapafu. Uligeuza watu, uliwaogesha, uliwalisha kijiko kwa kijiko. Mfukoni mwa sare yako hakukosekana kitana, kwa sababu ulisema mtu akiumwa si lazima aonekane kama ametolewa chini ya kitanda. Mpaka leo wananisimamisha sokoni. Mmoja ataniambia, "Mkeo alimnyoa baba yangu ndevu siku ya mwisho." Namshukuru, halafu nasahau nilikwenda kununua nini.

Nyumbani ulikuwa na kelele. Uliimba nyimbo kwa maneno ambayo hayakuwemo, na supu yako ya vitunguu saumu ilinukia mpaka mlango wa chini. Hasira zako hazikulala. Ukigombana nami mchana, jioni umeshasahau na mimi ndiye nimebaki nimenuna peke yangu kama mjinga. Mara moja tu katika maisha yako ulikasirika na mtu ukabaki hivyo, na aliyekutia hasira hizo ni mimi.

Nieves amesoma mpaka hapo akaniambia, "Baba, hayo usiyaandike. Watu watasoma." Nikamwambia ndiyo maana nayaandika.

Unakumbuka ile Machi ya korona tulipofungiwa ndani. Wewe ulikuwa na zamu ya mchana mpaka usiku, kwa hiyo saa mbili usiku, mtaa mzima ulipotoka kwenye roshani kuwapigia makofi watu wa hospitali, wewe ulikuwa wodini na hukusikia kitu. Ulilala kwenye chumba kidogo ili usiniambukize. Asubuhi nilikuwekea kahawa na mkate juu ya kigoda nje ya mlango wako, na tukazungumza mlango ukiwa kati yetu.

"Jana walipiga?" uliuliza, hata kabla ya salamu.

"Walipiga sana."

"Ghorofa ya kwanza?"

"Wote, mpaka bibi na kiti chake."

"Leandro je?"

"Leandro alitoa na spika. Muziki ulifika mtoni."

"Na Fuencisla?"

Hapo jibu langu lilikuwa moja kila asubuhi. Fuencisla alikuwa mwenzako wa miaka ishirini. Fleti yake ni ya ndani, haina roshani, madirisha yake yote yanatazama ule ua mwembamba wa katikati ambako sote, wa mbele na wa ndani, tunaanika nguo. Mlikuwa mnaongea dirisha kwa dirisha, yeye kwake na wewe jikoni kwetu, vibanio vya nguo mdomoni, hakuna aliyewaelewa. Nilikujibu, "Huyo sijamwona. Hajapiga hata siku moja."

Nilikuuliza siku moja kwa nini unajisumbua kuhesabu watu. Ukasema, "Makofi siyali, baba Nieves. Lakini nataka kujua naishi na nani. Nikijua ni ya kweli, nalala."

Basi nikataka ulale. Siku za mvua alitoka Leandro tu na spika yake, pamoja na wale vijana wa ghorofa ya nne ambao walipiga mara tatu wakarudi ndani. Mimi nikakwambia wametoka wote. Wiki ya tano watu walichoka, roshani nyingine zilifungwa kabisa, nikakwambia wametoka wote. Niliwaongeza wasiopiga, na huku ninamtoa Fuencisla kila asubuhi. Nilidhani angalau mtu mmoja niseme ukweli juu yake, ili maneno yangu yawe na uzito.

Halafu ikaja ile karatasi kwenye lifti. Umekufa ukiikumbuka neno kwa neno, na mimi pia. Ilichapwa vizuri, imebandikwa kwa gundi ya karatasi pembe zote nne. Ilisema kwamba katika jengo hili anaishi mtu anayefanya kazi hospitali, na kwamba kwa faida ya wote, hasa wazee, anaombwa atafute mahali pengine pa kukaa mpaka hali itulie. "Asante kwa kutuelewa. Majirani zako."

Uliibandua mwenyewe, ukaikunja, ukaingia nayo chumbani. Sikusikia ukilia. Ningekusikia ningevunja ule mlango, korona au si korona. Baadaye ukauliza kwa sauti ya chini, "Ni nani, Eutimio?"

Nami sikungoja hata mate yakauke. Nikasema, "Nani asiyepiga makofi?"

 Ukakumbuka kwamba wiki iliyotangulia Fuencisla alikuuliza dirishani, "Mwenzangu, hizo nguo zako za kazini lazima zidondokee shuka zangu?" Wakati ule ulicheka. Sasa haikuchekesha tena. Nieves aliniambia kwenye simu siku hiyohiyo, "Baba, Mama Fuencisla ana mashine gani ya kuchapa? Hata simu yake anashika kama sabuni." Nilimwambia asiniingilie. Na simu yako ilipolia ujumbe kutoka kwake nikakwambia, "Usimsikilize mnafiki huyo." Hukumsikiliza.

Kuanzia hapo ulianika nguo mgongo ukiwa dirishani, mkono nyuma, kama mtu anayetupa takataka. Makofi yakaisha mwezi wa Mei. Tukafunguliwa, mkakutana ngazini, ukampita. Kiangazi chote ukampita. Nilikuona ukimpita nikajisikia mwanamume aliyemlinda mkewe. Novemba ukaondoka. Mazishini Fuencisla alisimama nyuma kabisa, karibu na geti, na mimi nikamwangalia mpaka akatoka.

Sasa sikiliza, Casilda. Hili ndilo jambo.

Februari niliishiwa mashati. Nieves alikuwa amechoka kunifulia, na alikuwa na haki. Nikafua, nikabeba beseni mpaka dirisha la jikoni, nikaanza kuanika. Fuencisla alikuwa dirishani kwake, hatua tatu kutoka kwangu, anamenya viazi. Alinitazama nikibana la kwanza.

"Shati linabanwa kwa chini," akasema. "Ukilibana mabegani linaota pembe. Casilda angekufa mara ya pili."

"Usimtaje Casilda."

"Nisimtaje kwa nini? Nimewakosea nini nyie watu?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa sauti ya kusikika ghorofa zote nne, kwamba hakupiga makofi hata siku moja na kwamba karatasi ya lifti tunajua ni yake. Fuencisla aliweka kisu chini.

"Bwana Eutimio," akasema, na alivyolitamka hilo bwana sitaki kulisikia tena, "mimi nilikuwa napiga hapa. Ulitaka nikapigie wapi? Roshani mnayo nyie wa mbele. Sisi wa ndani tulitoka madirishani wote saa mbili kamili, tukaelekea jikoni kwenu, kwa sababu hapo ndipo Casilda alipokuwa anasimama na sisi."

"Sikuwahi kusikia."

"Ungesikiaje? Ulikuwa mbele na spika ya Leandro. Na toka nihamie hapa, hii ndiyo siku ya kwanza nakuona kwenye dirisha hilo la jikoni."

 Nilikuwa nimeshika shati la maji, linanidondokea miguuni.

"Nilimtumia," akasema. "Kila siku. Mpwa wangu alinifundisha kutuma sauti. Hakujibu. Nikajua nimemkosea kitu, nikawa najiuliza nguo, nguo, kwa nini nilisema lile neno la nguo. Karatasi yenu mimi sikuiona hata kwa macho. Mimi lifti sipandi, na wewe unajua sipandi."

Kweli najua. Jengo zima linajua. Ulikwama naye humo mwaka wa kwanza, saa nzima, na huko ndiko mlikoanzia urafiki. Nilikuwa na hilo kichwani muda wote na halikunisaidia kitu.

Nieves alikuja jioni ile tukaichaji simu yako. Zilikuwa jumbe za sauti thelathini na saba, hakuna hata mmoja uliosikilizwa. Tulikaa jikoni tukazisikiliza mmoja baada ya mwingine. Makofi yanagonga kuta za ule ua, mtu anapiga sufuria, na Fuencisla anapaza sauti juu ya hayo yote kana kwamba uko ng'ambo ya mto: "Casilda, ni saa mbili. Wa ndani tumetoka wote, isipokuwa Abundio, mgongo. Lakini anagonga ukuta, msikilize." Na kweli anasikika akigonga. Siku nyingine: "Mvua inanyesha, tupo." Siku nyingine: "Hunijibu, haya, najua umechoka." Kwenye ule wa thelathini anauliza, "Nimekukosea nini, mwenzangu?" halafu anapiga makofi yake kama kawaida. Wa mwisho anasema leo wametangaza ndiyo mwisho, ila yeye ataendelea kidogo.

Nieves alitoka akaenda kukaa ngazini. Mimi nilizisikiliza tena.

Kuhusu karatasi, niliuliza kwenye mkutano wa jengo, mwezi Juni, mbele ya wote. Mwaka ule zamu ya uenyekiti ilikuwa ya Leandro, na matangazo yote ya lifti yalitoka kwenye mashine yake. Watu walitazama viatu vyao. Leandro akasema, "Tulikuwa na hofu sote, Eutimio. Tusifukue." Hakusema ni yeye, hakusema si yeye. Leandro, najua unasoma, ukurasa huu hakuna asiyeanza nao. Sikushtaki, sina ushahidi, na mambo ya kuhukumu bila ushahidi nimeshayafanya yakanitosha. Nakwambia tu kwamba mke wangu alikuwa anauliza habari za makofi yako kila asubuhi, na yalimfurahisha.

Nasikia kelele za watoto wa shule wakati wa mapumziko nashtuka, nadhani ni makofi. Saa mbili ikikaribia siwezi kukaa. Nakwenda kwenye roshani, mtaa umenyamaza, narudi jikoni, nafungua dirisha, nafunga. Nimeuliza padri, akasema wewe huko uliko unajua yote. Huenda. Mimi sikukuambia mimi mwenyewe, kwa hiyo kwangu bado hujui. Uliniuliza unaishi na nani, na nilikujibu uongo. Kuhusu Fuencisla sikukusudia. Niliangalia upande mmoja wa nyumba nikaapa kwamba nimeiona nyumba yote.

Jana nimemsomea Fuencisla maneno haya dirishani, kutoka mwanzo.  Nilipomaliza nikamwomba radhi, naye akaendelea kukunja taulo.

"Mimi unaniomba nini?" akasema. "Ulimchukua mwenzangu akiwa hai, miezi saba. Hiyo huna pa kuirudisha." Akakunja nyingine. "Jina langu liandike. Nataka alione. Ila usiliweke karibu na lako."

Nimefanya alivyosema.

Tutakukumbuka siku zote tulizobakiwa nazo, Casilda Prieto Luengo: Fuencisla, mwenzako, ambaye alikupigia kila siku, binti yako Nieves, dada yako Obdulia, wa Benavente, Abundio na wote wa fleti za ndani, wenzako wa wodi, na mbali kabisa na huyo wa kwanza, mwisho wa ukurasa, mumeo Eutimio, niliyekuambia hapigi.