Chungu Kilichogoma Kupoza

3 Machi

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia na kwamba unakula vizuri. Huku sote tunaendelea, ila mama si mzima sana, na ndiyo sababu ya barua hii. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu husikii. Unabaki kusema "nani? nani?" mpaka tunakata tamaa. Mjomba atakuletea kwa basi lake.

Dawa ya mama ya sindano, ile ya kisukari, haitakiwi kupata joto. Tulikuwa tunaiweka kwenye friji ya fundi cherehani wa ghorofa ya chini, lakini amehama na friji yake. Sisi hatuna friji, na umeme wenyewe hukatika kila mchana. Mama anasema alipokuwa mdogo ulikuwa na vyungu viwili vyenye mchanga, na maziwa yalikaa humo bila kuharibika. Nifundishe kuvitengeneza.

Tafadhali usinijibu kwa maswali. Nilipokuuliza kwa nini kifuniko cha sufuria hucheza maji yakichemka, uliniuliza mimi nadhani ni nini kinachokisukuma, na mpaka leo sijui.

Mjukuu wako,
Chiriku

6 Machi

Chiriku,

Marahaba. Goti langu lina tabia zake, tuliache. Mpe mama yako pole. Mwandiko wako unapanda mlima. Tumia karatasi yenye mistari.

Tafuta vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine na nafasi ya vidole viwili ibaki pande zote. Jaza mchanga katika nafasi hiyo, mwagia maji mpaka mchanga ulowe, kisha funika chungu cha ndani kwa kitambaa kibichi. Asubuhi na jioni mwagia tena.

Halafu lowesha mgongo wa mkono mmoja, mwingine uache mkavu, usimame dirishani. Uniandikie unachohisi na sababu yake. Nimefundisha sayansi miaka mingi, na sijaona mtoto aliyekumbuka jibu alilopewa bure. Dawa isiingie humo mpaka uniambie umeona nini.

Babu yako

12 Machi

Babu,

Shikamoo. Habari za huko? Hapa si nzuri.

Chungu hakipozi. Nimetia mkono ndani mara nyingi kiasi kwamba mama ameniambia mkono wangu ndio unaokipasha joto. Mjomba ndiye aliyeleta mchanga, na kila akipita huuliza, "Leo mmemzika nani humo?" Wote wanacheka isipokuwa mimi.

Jaribio la mkono nimelifanya. Mkono uliolowa ulipoa kwa sababu maji ni ya baridi. Jibu ni hilo, limekwisha. Sasa niambie chungu chako kina kasoro gani.

Mjukuu wako,
Chiriku

15 Machi

Chiriku,

Marahaba. Mimi ni mzima. Chungu changu hakina kasoro; kilihifadhi maziwa ya nyumba nzima.

Jibu lako kuhusu mkono ni la haraka. Pasha maji yawe vuguvugu, lowesha mkono kwa hayo, usimame tena dirishani. Ukipoa, utasema maji vuguvugu nayo ni ya baridi? Fikiri.

Nimemwuliza mjomba wako chungu kikoje. Ananiambia ni kizuri kuliko basi lake. Huyo hakuwahi kunipa maelezo ya maana hata alipokuwa darasani kwangu. Niandikie wewe. Kinakaa wapi? Ukikigusa kwa nje, ni kikavu au kibichi? Andika ulichoona, usiandike unachodhani.

Babu yako

24 Machi

Babu,

Shikamoo. Sitauliza goti.

Dawa imeharibika. Tuliiweka kwenye chungu chako kwa sababu hatukuwa na mahali pengine. Mama alikuwa anajidunga kila siku na tulidhani yuko salama, kumbe dawa ilikuwa imekwisha nguvu. Alianza kunywa maji bila kutosheka, macho yakaanza kuona ukungu, akaangukia mashuka kazini kwake, kule kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli. Muuguzi wa zahanati alimgombeza kama mtoto. Sasa dawa inakaa kwenye friji ya zahanati, na mama huenda huko kila alfajiri kudungwa, kisha anachelewa kazini. Msimamizi wake amesema akichelewa hivi mpaka mwisho wa mwezi ujao, nafasi yake atapewa mwingine.

Wewe unajua jibu na umelikalia. Ungeniambia tangu mwanzo, mama asingeanguka. Mimi si darasa lako. Kama barua inayofuata ina swali hata moja, mjomba arudi nayo.

Mjukuu wako,
Chiriku

27 Machi

Chiriku,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nikakaa. Mpe mama yako pole nyingi. Asiguse kazi nzito.

Haya, barua hii haina swali.

Maji yanapokauka hayapotei. Yanageuka mvuke na kuondoka hewani, na ili yaondoke lazima yapate joto. Joto hilo huyachukua kwa jirani aliye karibu. Yakiwa mkononi, yanachukua joto la mkono, na ndiyo sababu hata maji vuguvugu hukupoza. Yakiwa kwenye chungu, yanapenya vitobo vidogo vya udongo visivyoonekana kwa macho, yanatoka nje, upepo unayachukua, na kila yanapoondoka hupunguza joto la chungu. Kwa hiyo kinachopoza si maji kukaa humo, ni maji kuondoka. Yakizuiwa kuondoka, unabaki na matope ya uvuguvugu.

Dawa ilipaswa kuja kwanza, na somo baadaye. Nilipanga vibaya.

Lakini unakosea kusema nimelikalia jibu. Kwa nini chungu chenu hakipozi, sijui. Sijakiona. Nilikuuliza kinakaa wapi kwa sababu nilihitaji kujua, wala haikuwa mtihani. Macho niliyonayo huko ni yako.

Babu yako

10 Aprili

Chiriku,

Mjomba wako amekuja mara mbili mikono mitupu. Nikimwuliza habari za mama yako anasema "yupo". Kiti nacho kipo. Nikimwuliza habari zako anasema umenuna.

Nuna, lakini andika. Hata mstari mmoja kuhusu mama yako.

Babu yako

21 Aprili

Babu,

Shikamoo. Mama anaendelea vizuri kiasi. Haoni ukungu tena.

Barua yako ya mwezi uliopita niliitupa mvunguni. Mama ndiye aliyeifagia na kunisomea kwa sauti, na alipofika kwenye "sijui" akasoma tena, kwa sababu anasema hajawahi kukusikia ukilitamka neno hilo. Basi nikachukua karatasi nikae niandike ninachoona, kama ulivyotaka.

Niliandika hivi: chungu kiko chini ya sinki, nyuma ya pazia. Ndani ya chungu kikubwa mama alitandika nailoni kabla ya mchanga, ili maji yasichuruzike sakafuni. Kwa nje mjomba alikipaka rangi ya mafuta iliyobaki alipopaka basi, kijani, matabaka mawili, kiwe zawadi ya mama. Kinang'aa. Ukikigusa ni kikavu kabisa.

Nilipoandika "kikavu kabisa" nikaacha kalamu. Maji hayakuwa na pa kupitia. Sisi wenyewe tuliyafungia, kila mmoja kwa nia njema, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Rangi haikubanduka. Mjomba alinunua chungu kingine bila kuambiwa na hajatania tena habari za maziko. Hiki hakina rangi wala nailoni. Kinakaa ukumbini, kwenye dirisha lenye upepo, juu ya sinia la kupokea maji. Kwa nje kinatoa jasho kama mtu. Sikuweka dawa. Niliweka kikombe cha maji ndani na kingine nje, na muuguzi akaniazima kipimajoto. Nilipima wiki nzima, hasa mchana, na kila mara cha ndani kilikuwa baridi kuliko cha nje, kisha muuguzi akaja kupima mwenyewe. Amekubali chupa moja, ile inayotumika, ikae humo. Nyingine zinabaki kwenye friji yake, na amesema mvua ikinyesha, hewa ikiwa nzito, nipime upya kabla ya kukiamini chungu. Tangu Jumatatu mama anajidunga nyumbani na anafika kazini kwa wakati. Msimamizi bado anaangalia saa mama akiingia, lakini nafasi yake hajampa mwingine.

Mama anasema nikushukuru. Nitashukuru nikimaliza kukasirika. Neno lile "sijui" ungeliandika nilipokuuliza kasoro ya chungu, ningekwenda kuangalia chini ya sinki siku ileile, kwa sababu nilidhani jibu liko kwako, na nilikaa nikilisubiri.

Mjukuu wako,
Chiriku