Meneja Aliyeitegemea Sabato Yangu

Jumamosi, jua limeshazama

...na uso wake, jamani! Kanisani leo nimeufikiria uso wa Meneja kuliko mahubiri.

Mara tatu ametuchezea. Mazungumzo ya mkataba mbele ya afisa wa leba, yule wa serikali anayesimamia mambo ya kazi, yanapangwa Ijumaa, kisha anaburuta maneno mpaka jua linakaribia kuzama na Sabato kuingia, maana anajua hata Msabato legevu kama mimi hathubutu kubaki. Nikitoka tu, anamwambia afisa wa leba kwamba chama chetu cha wafanyakazi kimesusia. Wanawake wanaokata minofu ya samaki kiwandani wanabaki vibarua wa kufukuzwa jioni yoyote.

Jana akaangalia dirishani, akatabasamu. "Katibu, Sabato yako hiyo inabisha hodi."

"Kweli, omera, ndugu yangu," nikasema nikikusanya makaratasi. "Naenda. Lakini nakuachia mweka hazina wetu, Mama Achieng', na barua ya kunishikia nafasi. Yeye ni Mkatoliki wa Asumbi. Anaweza kukaa na wewe mpaka misa ya Jumapili."

Afisa wa leba alicheka hadi akakohoa.

Hata hivyo niliogopa. Mama Achieng' hajawahi kusimamia mkataba peke yake, na mimi sizungumzi kazi siku ya Sabato. Sasa hivi ndiyo nimempigia.

"Meneja alisaini," akasema. "Aliomba kwanza tunywe chai, nikamwambia chai ni baada ya kalamu. Wanawake wote wameajiriwa."

Najua napaswa kumsamehe Meneja. Kwa leo namwombea tu maisha marefu, na kila asubuhi ya maisha hayo asalimiwe langoni na wale wanawake ambao hawezi tena kuwafukuza jioni.