Siku Kumi na Moja za Wifi Alute

Kijiji cha Ujamaa Ikungi,
S.L.P. 26,
Singida.
1 Julai 1976

Mpendwa kaka Gabrieli,

Shikamoo kaka. Hujambo huko Ujerumani? Baridi imekuacha? Kifua kimepona? Mama anauliza kifua kabla ya jambo lolote, kwa hiyo ukijibu anza na kifua. Sisi huku tu wazima wa mwili. Wa moyo nitakueleza, maana barua hii nimeianza mara tatu, na mara mbili nimeitia jikoni.

Mama hajambo. Mguu wake unamsumbua asubuhi tu, jua likipanda anatembea hadi kisimani akiwa na maneno yake. Picha uliyotuma, ile umevaa koti refu, ameiweka ndani ya Biblia, na kila mgeni akija inatolewa. Watu wanasema umenenepa. Mama anasema ni koti.

Klara anatimiza miezi mitatu keshokutwa. Anacheka na kila mtu isipokuwa mwenyekiti wa kijiji, akimwona yeye analia mpaka anakauka. Bonifasi anasema mtoto huyu ataitwa kwenye kamati ajieleze. Ana macho yako kaka, yale ya kutazama kitu kimoja muda mrefu mpaka mtu anaogopa.

Shamba la kijiji mwaka huu mtama umetoka vizuri, ila ndege wamekula upande wa bondeni. Madarasa ya watu wazima yanaendelea. Mimi nafundisha wanawake kusoma, Jumatatu na Alhamisi, chini ya ukuta wa zahanati. Darasa la saba langu hilo hilo ndilo wanaloliona kubwa. Wananiita mwalimu. Leo ni Alhamisi na nimewaambia wasije, naumwa kichwa. Siumwi kichwa.

Kaka, barua yako ilifika Jumanne, na tangu Jumanne sijatulia. Nakaa, nasimama. Jana niliweka maji ya ugali motoni nikaenda kukusanya nguo, niliporudi sufuria ilikuwa imekauka na kupasuka rangi. Bonifasi akaniuliza, "Mama Klara, umepokea msiba?" Nikamwambia hapana, nimepokea sifa.

Ndivyo ilivyo. Umeandika kwamba kazi yako ya chuo, ya vibao vya umeme wa jua, unaikabidhi tarehe 30 mwezi huu, na kwamba jina langu litakuwa ndani, Dorika, aliyesoma mita kila siku bila kukosa. Umesema kila atakayetumia namba zangu atalazimika kunitaja. Umenieleza na habari za yule rafiki yako wa chumba cha jirani, ambaye yeye hachunguzi vibao bali majina: anakaa na vitabu akihesabu nani ameandika, nani ametajwa na nani, na nani alifanya kazi asitajwe mahali popote. Umesema yeye ndiye aliyekusukuma uniweke. Mama alipoisikia barua aliinuka na mguu wake mbovu akaenda kuwaambia majirani. Tena Jumapili iliyotangulia habari ilikuwa imeshatangazwa kanisani kabla hata sijafika, kwa sababu mke wa katekista alikuwa amesikia kutoka barua yako ya mwezi wa tano uliponidokezea. Kijiji kizima kinajua.

Halafu ukaandika yale mengine. Kwamba namba zangu zimekuonyesha kosa lako. Kwamba wewe uliamini silikoni, ile ya kutengenezea vibao, ina kasoro ndani yake, na kwamba jua lenyewe linaidhoofisha pole pole siku za kwanza, lakini daftari langu linaonyesha kibao kilikaa sawa siku zote zile kisha kikaanguka kwa siku moja, tarehe 15 Aprili. Kwa hiyo hoja yako umeiondoa. Profesa wako anasema kibao kilipasuka, huenda mtu alikikanyaga au mbuzi alipanda juu ya nyumba. Ukaniuliza, kwa upole sana, tarehe 14 kulitokea nini.

Tarehe 14 hakikutokea kitu kaka. Hakuna mbuzi. Hakuna aliyekikanyaga. Kosa ni langu na nakueleza lote.

Vibao vile viwili na mita ya kuvipimia vilipoletwa na Padri mwezi wa tatu nilifanya kama ulivyoagiza. Niliviweka juu ya paa bapa la tembe, pale tunapoanika mtama, kimoja kikae juani siku nzima, kingine nikifunike kwa gunia nikifunue saa sita tu kengele ya shule ikilia. Tarehe 31 Machi nikaanza. Vyote viwili vilisoma 62. Siku nne nilisoma mwenyewe. Tarehe 3 Aprili jioni uchungu ukanishika, na Klara akazaliwa.

Mama mkwe alikataa katakata mzazi apande ngazi. Aliuondoa hata ule mti wenyewe wa kupandia akauweka kwake. Nikamwomba wifi Alute, dada mkubwa wa Bonifasi. Unamkumbuka, yule mrefu, anayechunga ng'ombe na kuwatukana kama watu. Hajui kusoma hata moja. Nikasema nimfundishe namba nikiwa kitandani, hatukufika mbali, mtoto analia na yeye anacheka. Mwisho akasema, "Wifi msomi, wewe wataka kujua mshale umesimama wapi, si ndiyo? Basi nitakuletea mahali uliposimama."

Akachana mfuko wa sukari vipande vipande. Kila siku akawa anaweka kipande juu ya kioo cha mita, pembe kwa pembe, anachora kwa mkaa mahali mshale ulipo: mstari mrefu kwa kibao cha jua, mfupi kwa kibao cha gunia. Ananishushia. Mimi nalinganisha na mistari uliyonichorea kwenye daftari, naandika namba.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha ule mstari mrefu ukaanza kurudi nyuma, kidogo tu, upana wa unyasi. Mfupi haukurudi. Alute mwenyewe alinionyesha. Alisema, "Huu wa jua unapungua wifi. Unasinzia kama mwenyekiti mkutanoni."

Nikamwambia ameweka karatasi vibaya. Kesho yake ukarudi tena, nikamwambia ashike vizuri. Kesho yake tena, nikamkaripia. Mimi, niliyelala nimeletewa uji. Nilijisemea, jua ni kali, kioo ni kisafi, mshale utashukaje? Ni mkono wa mtu asiyesoma. Nikaandika 62, nikaandika 61, nikaandika 62, ili daftari lipendeze na wewe usinione nimekabidhi kazi yako kwa mtu wa ng'ombe. Siku kumi na moja, kaka. Kwa mwandiko wangu mzuri.

Siku ya kumi na mbili mama mkwe alikwenda mnadani, nikatoroka, nikapanda mwenyewe. Kibao cha gunia 62. Kibao cha jua 57. Nilikaa pale juu nikiutazama mshale. Nilijua saa ile ile kwamba Alute alikuwa sawa. Nikaandika 57, nikashuka, nikafunga daftari. Sikumwambia mtu.

Na ningenyamaza mpaka leo, sikufichi. Jumanne usiku huo huo nilijiambia, nani atajua? Bonifasi nilipomweleza alisema, "Namba tano tu, Mama Klara. Nani atatoka Ulaya kuja Ikungi kuzihesabu?" Alikuwa ananionea huruma. Lakini kuna maneno mawili yako hayaniachi. Moja ni lile la rafiki yako, kwamba kosa likishatajwa na watu kumi hakuna anayerudi tena kutazama daftari la kwanza, linatembea lenyewe. La pili ni hilo la mbuzi. Watasema vibao visipelekwe vijijini, watu wa huko wanavikanyaga. Na wewe uliniambia siku moja vibao hivi vitawasha taa ya zahanati. Mimi nilizaa pale, nakijua kile kibatari.

Jana asubuhi nikamfuata Alute zizini.

"Wifi, zile karatasi ulizichoma?"

"Zipi? Zile ulizosema za kijinga?"

"Sikusema za kijinga."

"Ulisema. Nilikuwa nimekushikia bakuli la uji, ukasema." Akaendelea kukamua. Kisha akasema, "Karatasi ya sukari haichomwi. Nimefungia mbegu."

Amefungia mbegu za mumunya, kaka! Zilikuwa zinaning'inia juu ya moto wake, zimekuwa kahawia. Tumezikunjua moja moja. Tumepata tisa. Mbili aliwashia moto siku ya mvua na hakumbuki ni za siku gani, ila nyingine alizipanga kwa kukata alama ukingoni, alama moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili, akifika tano anaanza upande mwingine. Zile ambazo hazimo ni ya sita na ya tisa. Nimeziweka zote tena juu ya kioo cha mita, mbele yake, na safari hii nimesoma kilichopo. Mfupi, 62 siku zote, isipokuwa siku ya nne yenye mawingu, ambapo vyote viwili vilishuka pamoja. Mrefu unakwenda hivi: 61, 61, 60, halafu hiyo ya mawingu, 59, 58, 58, 57, 57. Umeona? Pole pole. Kama ulivyosema wewe.

Karatasi zote tisa zimo ndani ya bahasha hii. Usipanguse mkaa. Siku ya sita na ya tisa ziache wazi kabisa, usijaze, hata kama unajua ingekuwa ngapi.

Sasa habari ya jina. Siku kumi na moja zile si zangu, na ndizo unazozihitaji. Nilimwambia Alute kwamba jina lake litaingia kwenye kitabu cha Wazungu. Akacheka mpaka ng'ombe akapiga kopo teke. "Likafanye nini huko? Litalala kwa nani?" Nikadhani amekataa. Jioni akaja mlangoni kwangu, hakukaa. Akasema, "Mwambie kaka yako aandike Alute Mughwai. Asiandike mke wa fulani. Mughwai ni baba, ndiye aliyesema mimi nichunge na wadogo zangu wasome. Na yeye aende huko kitabuni akaone." Akaondoka.

Mimi ukitaka uniandike kwa zile siku nilizosoma kweli, sitakataa. Nakuomba tu neno moja kwanza: nitumie telegramu kupitia posta ya Singida, useme barua imewahi. Ukiwa umekasirika andika umekasirika, nitapokea. Kukaa bila kujua ndiko nisikokuweza. Bonifasi anatia upepo baiskeli ili barua iwahi gari la posta la leo.

Wasalimie rafiki yako wa majina, na yule mama mwenye nyumba aliyekupa blanketi. Huku wanakusalimu Mama, Bonifasi, mama mkwe wangu, mjomba Isaka, Martina mke wake na Klara, ambaye ameshalowesha ukurasa wa pili, utaona. Mungu akulinde mikono na macho, na kazi yako aifikishe ikiwa ya kweli.

Jumapili baada ya ibada nitaomba nafasi nisimame nilisahihishe lile tangazo. Mama hajui bado. Alute nimemwambia aje, na yeye huwa haji kanisani, lakini amesema atakuja, anataka kuniona nikilisema.

Mimi ndugu yako, ninayekupenda hata kama leo hunipendi,

Dorika