Dume Letu Lilikuwa Limenona

K.k. Katekista Damiano,
S.L.P. 63,
Mbinga.
17 Septemba, 1995

Mpendwa dada Hildegardi,

Shikamoo. Kifua cha shemeji kimepoa? Watoto wanasoma? Sisi tunapumua, ila sikudanganyi, mwaka huu umetuelemea.

Nianze na nguruwe. Unajua dume letu ndilo lililokuwa likipanda majike ya kilima kizima, na malipo yetu ni kitoto kimoja kila jike likizaa. Tangu Februari majike yakaanza kuharibu mimba, moja baada ya jingine. Watu wakataja uchawi. Bwana mifugo akapima damu, akasema ni ugonjwa wa kupandana, na unatoka kwa dume letu. Mume wangu Alphonce akabisha: dume limenona hivi litaumwaje?

Jibu la bwana mifugo halijanitoka. Alisema vijidudu huzaliana kwa wingi na havifanani. Vinavyomlaza mnyama upesi hufia naye bandani. Vinavyomwacha anenepe na kupanda ndivyo vinavyosafiri na kuzaa vingine, kwa hiyo kizazi hadi kizazi vimebaki vile vya kimyakimya. Nikamuuliza vya watu je. Akasema ni hivyo hivyo, hata ukimwi hukaa miaka mtu akiwa na afya yake.

Dume tuliliua tukalifukia.

Florian, kaka yake Alphonce, tulimzika Machi. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kwenye kahawa alikuwa haishi safari, mara Songea, mara Lituhi, mnene na mcheshi, hadi alipoanza kukonda. Baada ya matanga wazee wakampa Alphonce amrithi mjane, Vitalia. Simchukii, dada. Hana mtu huku. Na anang'aa, basi kila mtu anasema mgonjwa hang'ai hivyo.

Nilimwomba Alphonce wapime kwanza. Akasema ni wivu, tena namlinganisha na nguruwe. Tangu Juni analala huko na huku. Nikimfungia mlango nitaitiwa kikao cha ukoo.

Dada, nina mimba ya miezi miwili na ninaogopa. Nataka nije Morogoro nikapime damu mahali ambapo hawanijui.

Mama Luisa anakusalimu sana. Nisalimie shemeji, Jastin na Edina.

Ukijibu, andika kwamba unaumwa sana. Nimemwambia Alphonce nakuja kukuuguza. Nisamehe kwa kukuzulia ugonjwa, na Mungu akuepushe nao.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Lidia